Mhariri, hiyo "otomatiki" ni ipi hasa?

Mhariri salamu, makala yenu ya silaha nimeisoma mwanzo mpaka mwisho na kwa kweli ilikuwa nzuri, ila mwandishi kanichanganya sehemu moja, aya hii anasema "bastola otomatiki", aya ya pili "bunduki otomatiki", alafu anaendelea kama vile vyote ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Namuonea huruma kidogo mana hayo majina yenyewe yalizaliwa kwa vurugu, kila nchi na lake, kila kiwanda na lake, na mengine yalitungwa na wanasiasa.

Chukua bastola ya M1911 ya Wamarekani, risasi yake inaitwa .45 ACP na hiyo A inasimama badala ya automatic, lakini ukibonyeza triga inatoka risasi moja tu mpaka uachie ubonyeze tena. Enzi hizo otomatiki ilimaanisha bastola inajipakia yenyewe, yani nguvu ya mlipuko inatupa ganda nje na kuingiza risasi nyingine chemba, tofauti na rivolva. Baadaye neno likahamia kwa zile zinazomimina bila kuachia triga, na hizi za zamani hakuna aliyezibadilisha jina.

Na bastola za kumimina kweli zipo, hapo ndo vituko vinapoanzia. Wasovieti walitoa Stechkin mwaka 1951, magazini ya risasi 20, na ala yake ngumu inachomekwa nyuma inageuka kitako cha begani, mana bila kitako mtutu unapanda juu tu. Glock 18 inakwenda kwenye risasi 1,200 hivi kwa dakika, magazini ya 17 inaisha kabla sekunde haijatimia, sasa sijui hapo unalenga nini. Ninayoipenda mimi ni VP70 ya Heckler & Koch, Ujerumani, 1970, swichi ya kutoa risasi tatu tatu wameiweka kwenye kitako chenyewe! Ukichomoa kitako inarudi kuwa bastola ya moja moja. Sasa hiyo mwandishi wenu angeiita nini?

Tuje kwenye zile rashasha ndogo zinazotumia risasi za bastola. Jenerali John T. Thompson wa Marekani alitaka kitu cha kusafishia mahandaki kwenye vita vya kwanza vya dunia, mwenyewe akakiita ufagio wa mahandaki, ila vita vikaisha 1918 kabla bunduki yake haijafika huko mbele. Kampuni yake ya Auto-Ordnance ilipoanza kuiuza ikatunga jina la submachine gun, lenye maana ya rashasha iliyopunguzwa. Kumbe Wajerumani walishaingia nayo vitani mwaka huohuo wa 1918, ile MP 18 ya Hugo Schmeisser, na wao wakaiita bastola ya mashine kwa sababu waliangalia risasi yake. Warusi wakachanganya yote mawili, pistolet-pulemyot, na pulemyot kwao ni kirusha risasi, yani rashasha. Kwa hiyo mmoja kaanzia kwenye rashasha akapunguza, mwingine kaanzia kwenye bastola akaongeza, na bunduki ni ya aina ileile. Alafu Waingereza na Wamarekani wakaja kulitumia hilo jina la bastola ya mashine kwa vitu kama Glock 18, ndo mana vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kijerumani vinakoroga watu. Na MP 40 ya Wajerumani ya vita vya pili vya dunia, wanajeshi waliopigana nao waliizoea kwa jina la Schmeisser wakati si yeye aliyeibuni.

Ila kabla ya hao wote Waitaliano walishatoa Villar Perosa, 1915, na hii siwezi kuipita haraka. Mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kila mmoja na magazini yake ya risasi 25 imesimama juu, haina kitako cha begani, unashika vishikio viwili kwa nyuma na kubonyeza kwa vidole gumba. Ilibuniwa kwa ajili ya ndege. Kwenye ndege risasi za bastola hazikusaidia sana basi wakawapa askari wa miguu, wengine waliifunga kwenye ngao, wengine waliiweka kwenye trei iliyoning'inia shingoni. Kila mtutu ulipita risasi 1,200 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, magazini inaisha kwa sekunde moja na ushee. Baadaye walizikata katikati wakapata bunduki za kawaida za mtutu mmoja zenye kitako cha mbao. Unaweza kusema hii ndo mama wa rashasha ndogo zote, ila kwa umbo hata huwezi kuamini ni ndugu.

Urusi nako Vladimir Fedorov alitengeneza bunduki ya kumimina inayobebwa na mtu mmoja, ikaingia vitani 1916, na akatumia risasi ya Kijapani ya milimita 6.5 kwa sababu ya Kirusi ilikuwa na mateke mengi mno kwa kazi hiyo. Zilitengenezwa kama 3,200 hivi tu. Warusi wakaizoea kwa jina la avtomat, na hiyo ndo A ya AK, Avtomat Kalashnikova. Na hapohapo niseme, si kila AK ni AK-47, nyingi mnazoziona kwenye picha ni AKM ya 1959 au Type 56 ya Kichina, kwa hiyo mkiwa hamna uhakika andikeni "bunduki aina ya Kalashnikov" na hakuna atakayewabishia.

Wajerumani walipotengeneza yao ya risasi fupi ya milimita 7.92 kwa 33 waliiita MP 43 kana kwamba ni bastola ya mashine, mana Hitler hakuitaka mwanzoni na watu wake wakaificha kwenye jina. Alipoikubali 1944 ikapewa jina la Sturmgewehr, bunduki ya kushambulia, jina la propaganda kabisa na wengi husema alilichagua mwenyewe. Leo wataalam wanalitumia kama kipimo: risasi ya nguvu ya katikati, yani kati ya ile ya bastola na ile ya bunduki kubwa, magazini ya kuchomoa, na uwezo wa kuchagua moja moja au kumimina. Bunduki hiyohiyo ilitengenezewa mtutu uliopinda nyuzi 30 wa kupigia nyuma ya kona, ukiwa na matundu ya kutolea gesi, risasi zikapasuka humo ndani na mtutu wenyewe ukachakaa baada ya risasi mia chache. Nani alikaa akasema hili ni wazo zuri?

AR ya kwenye jina AR-15 nayo si kifupisho cha bunduki ya kushambulia (assault rifle kwa Kiingereza) jamani, ni ArmaLite, kampuni iliyoibuni. AR-15 inayouzwa kwa raia Marekani inatoa moja moja, M16 ya jeshi ndo yenye kumimina.

Na kama mwandishi anasema tuache majina tufuate sheria, huko nako kuna mambo. Sheria ya Marekani ya 1934 inasema rashasha ni ile inayotoa zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la triga. Kwa maneno hayohayo Mahakama ya Juu yao ilisema Juni 2024, majaji 6 kwa 3, kwamba kile kitako kinachorudi nyuma na mbele mpaka triga ijigonge kwenye kidole hakiifanyi bunduki kuwa rashasha, mana kila risasi triga imetenda upya. Gatling ya mkono ya miaka ya 1860, bunduki ya mitutu mingi inayozunguka, pia haihesabiki, unazungusha mkono, kila risasi inatokana na mkono wako. Lakini Richard Gatling mwenyewe alishasajili ya kuzungushwa na mota ya umeme 1893, na mwaka 1946 Wamarekani walipoanza kutafuta bunduki ya ndege za jeti walifunga mota kwenye Gatling ya zamani wakaijaribu, ndo ikazaa Vulcan ya risasi 6,000 kwa dakika. Mitutu ileile inayozunguka, ukiweka mkono si rashasha, ukiweka mota ni rashasha.

Ni mimi msomaji wenu