Barua ya wazi kwa wanafunzi wa theolojia mnaokuja Mombasa

Wanangu,

Vyuo vyenu vya bara vimekuwa vikileta wanafunzi Pwani ili wajifunze namna ya kuishi na kufanya kazi na Waislamu. Ni jambo jema, na karibuni. Nawaandikia nikiwa Muislamu na mzee wa mtaa. Haya ni ya kusomwa na nyinyi pamoja na walimu wenu kabla hamjapanda gari.

Kubwa kuliko yote ni nia. Semeni waziwazi mmekuja kufanya nini. Kama mmekuja kusoma, semeni kusoma. Kama ni kazi ya jamii, semeni ni kazi gani na itakwisha lini. Na kama mmekuja kuhubiri, semeni hivyo pia, kwani kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kushika dini yake na kuidhihirisha, peke yake au pamoja na wenzake. Kuhubiri si kosa. Kinachovunja uhusiano ni kuja na darasa la bure la kompyuta au kambi ya matibabu, kisha ikajulikana baadaye kwamba majina ya watoto na namba za simu za kina mama zilikuwa zinakusanywa kwa jambo jingine. Mtaa husamehe mengi, lakini hilo halisahauliki, na watakaolipa ni wanafunzi wa mwaka unaofuata ambao hawakufanya lolote.

Kuna nia nyingine inayofichwa zaidi ya hiyo. Miradi mingi ya mahusiano ya dini Pwani hupata fedha za kupambana na itikadi kali. Vijana wetu wameona wenzao wakichukuliwa na wasirudi, kwa hiyo mgeni mwenye daftari akiuliza nani anaswali wapi na nani amesafiri, hawamuoni kama mwanafunzi. Mkiulizwa nani amelipa nauli na chakula chenu, mtajeni kwa jina. Msiandike majina ya vijana wala msiwarekodi sauti bila ruhusa. Msianzie kwa chifu wala kituo cha polisi mkitafuta mtu wa kuwatambulisha mtaani, maana mkifanya hivyo mmeshahesabiwa upande wa serikali kabla hamjafungua kinywa. Anzeni na kamati ya msikiti na wazee wa baraza. Kuna njia zilizokwisha kusafishwa: Baraza la viongozi wa dini wa Pwani, CICC, lipo hapa hapa Mombasa, na PROCMURA, shughuli ya makanisa ya Afrika ya mahusiano ya Wakristo na Waislamu iliyoanza mwaka 1959, ina makao yake Nairobi.

Sasa masomo yenyewe. Mwambieni mkuu wa chuo kwamba somo la Uislamu lifundishwe walau kwa sehemu na Muislamu anayeamini anachokifundisha, na alipwe kama mwalimu mwingine yeyote, si kupewa nauli na asante. Amri iliyo katika Kutoka 20:16 inawakataza kumshuhudia jirani uongo. Kumsoma jirani kwa kalamu ya mpinzani wake peke yake kunakaribia sana jambo hilo. Chukueni tafsiri za Kurani. Ya kwanza kamili kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1923, kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Unguja, na maelezo yake yaliandikwa kwa ajili ya kujibu Uislamu. Isomeni kama historia ya kanisa lenu. Mkitaka kujua Waislamu wa Afrika Mashariki wanavyoielewa Kurani, someni ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyotoka kamili mwaka 1969, na msome maelezo ya chini ya kurasa. Humo mtawaona wanazuoni wetu wakibishana na Dale na pia na tafsiri ya Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawakubaliani nalo. Wala msidhani habari ni ya ubishi tu. Mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa Mombasa mwaka 1844, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea ni mahakama za kadhi. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba, na mahakama hizi zilikuwa moja ya sababu. Hofu hiyo bado hutajwa mimbarini, tena kwa maneno yasiyo sahihi. Kifungu cha 170 kinazipa mahakama hizi mambo manne tu: hadhi ya mtu kisheria, ndoa, talaka na urithi, tena pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele ya kadhi. Hazihukumu wizi wala mauaji, na Mkristo haburutwi huko. Wala hazikuletwa na Katiba hiyo. Zilikuwapo tangu enzi ya Sultani wa Zanzibar katika ukanda wa Pwani wa maili kumi, na mwaka 1963, ukanda huo ulipoingizwa katika Kenya, serikali iliahidi kwamba zitaendelea. Anayekuja Pwani bila kulijua hili atazungumza nusu saa na mzee wa Mji wa Kale, kisha mzee atanyamaza, na mwanafunzi hatajua kwa nini.

Ziara ya msikitini. Andikeni barua wiki mbili kabla, kwa kamati, nakala kwa imamu. Imamu huswalisha, lakini ruhusa ya wageni ni ya kamati, na ikirukwa huudhika. Msizidi watu kumi. Wakati mzuri ni baada ya swala ya alasiri, kama saa kumi, hadi saa kumi na moja na nusu. Adhuhuri ya Ijumaa iacheni kabisa, isipokuwa mmealikwa. Viatu nje, magoti na mabega yafunikwe, mabinti wavae mtandio na waulize mapema mlango wa wanawake ni upi, kwa sababu misikiti mingine haina sehemu yao, na ni aibu kumrudisha mgeni mlangoni. Msipite mbele ya anayeswali. Simu mfukoni.

Lipo dogo ambalo nyinyi hamlioni na sisi tunaliona upesi. Mwanafunzi hukaa chini, huweka Biblia sakafuni, juu yake daftari, juu ya daftari chupa ya maji. Kwa mtoto wa madrasa, kitabu cha Mungu hakiwekwi chini wala hakifunikwi na kitu. Akiona hivyo hujiuliza kama mgeni huyu anakiamini kitabu chake mwenyewe. Kishikeni mkononi, au kiwekeni juu ya mfuko.

Nanyi mtualike. Uhusiano wa upande mmoja kuwa mgeni siku zote haudumu. Chuo kikitualika, kiandae chumba safi kisicho na picha ukutani, mikeka, na birika za maji kwa ajili ya udhu. Onyesheni kibla, yaani upande tunaoelekea tukiswali: kutoka Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko karibu katika longitudo ile ile, kutoka Nairobi au Limuru ni kaskazini mkipinda kidogo kuelekea mashariki. Swala ya magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja, na muda wake ni mfupi, basi hotuba isivuke hapo. Chakula agizeni kwa mpishi Muislamu, msipike kwenye sufuria za jikoni penu ambazo hamna uhakika nazo. Na Ramadhani ihesabiwe upya kila mwaka, kwa sababu mwaka wetu una siku 354 au 355 na mfungo hurudi nyuma kama siku 11. Semina nyingi za pamoja huharibika kwa kuwa kalenda ya mwaka jana ilinakiliwa tu.

Kukiwa na msiba, nendeni siku ile ile. Sisi hatungoji Jumamosi. Mtu akifa asubuhi huenda akazikwa alasiri. Hatuhitaji mashada ya maua. Kaeni mkekani na wafiwa, semeni poleni, inatosha.

Kazi ya pamoja iwe ndogo na ya muda mrefu. Watu mia mbili wenye fulana mpya wakifagia siku moja, kinachobaki ni picha. Watu kumi na watano, Jumamosi moja hadi nyingine kwa muhula mzima, madrasa zikishatoka, hao hujulikana kwa majina. Mkizibua mifereji, pangeni kwanza na kaunti lori la kubeba taka siku hiyo hiyo. Bila lori, tope na plastiki hulala kando ya mfereji, mvua ya kwanza huzirudisha ndani, na watu husema wageni wamechafua. Fedha ziwe na watunzaji wawili, mmoja wa kila upande, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Lingine linaloumiza nyumba zetu zote ni unga, yaani heroini. Kijana aliyeanza methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, hulazimika kufika kliniki kila siku na kuimeza mbele ya mhudumu, kwa hiyo anayekosa nauli hukosa dozi, na akikosa dozi mara kwa mara hurudi kwenye heroini. Nauli na mtu wa kumsindikiza ni msaada mkubwa kuliko kongamano. Msimwambie aache dawa kwa kuwa ameombewa. Sisi nasi tunawaambia hivyo hivyo wale wanaosoma ruqya, yaani kumsomea mgonjwa Kurani ili apone.

Mtakutana na watu wa mihadhara, yaani mijadala ya dini ya hadharani, wakitaka mbishane aya kwa aya. Kataeni kwa adabu. Sura ya 29, aya ya 46, inatuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ila kwa njia iliyo bora, na kipaza sauti cha barabarani si njia hiyo, awe anakishika Muislamu au Mkristo. Lakini mtu akikuuliza kwa utulivu kama unamwamini Muhammad kuwa Mtume, usizunguke. Sema mimi ni Mkristo, siamini kama uaminivyo wewe, na nimekuja kukusikiliza. Nanyi msitumie aya za Kurani kutuhubiria Utatu. Mtu wa madrasa anajua aya inayotangulia na inayofuata, na ataacha kuwasikiliza.

Mkimaliza, ripoti yenu isiende kwa mhadhiri moja kwa moja. Ileteni kwa Kiswahili kwa kamati ya msikiti na wazee wa baraza, muwaachie wiki mbili waisome. Penye kosa, sahihisheni. Pale tusipokubaliana, andikeni maneno yetu kando ya yenu, kisha ndipo mkabidhi chuoni.

Wenu,
Mzee wa mtaa, Mombasa