Mdogo wangu, simu ya mama mdogo usiizime

Mdogo wangu,

Usiku huu nilipokupigia, nilijua hata nusu ya maneno yangu hayakukuingia. Ndiyo maana nayaandika, uyasome ukipata nguvu, hata vipande vipande. Nayaweka wazi kwa ajili ya mwingine pia, aliyekaa pembeni ya kitanda kama wewe, hajui aanzie wapi.

Lisilongoja ni moja. Mama mdogo amefia nyumbani, kwa hiyo lazima aje daktari, au mwenye mamlaka hayo, athibitishe kifo na kuandika sababu yake. Cheti cha kifo huanzia kwenye karatasi hiyo. Kingekuwa kifo cha ghafla au ajali, polisi wangetangulia na chumba kisingeguswa. Lakini yeye ameugua muda mrefu, hivyo hakuna mbio. Mfumbe macho, mnyooshe mikono mapema, maana mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache. Kisha kaa naye.

Cheti kikitoka, omba nakala zilizothibitishwa, hata 8 au 10. Benki itataka yake, bima yake, pensheni yake, na wengine nakala kivuli hawaipokei.

Sasa simu. Baba alipofariki, siku ya tatu tu nilifunga laini yake. Kila ikiita nilikuwa nachomwa moyo. Baadaye nikataka kufungua barua pepe yake nitafute mkataba wa bima. Namba ya uthibitisho ikatumwa wapi? Kwenye laini ile ile niliyoiua kwa mkono wangu. Nilihangaika miezi 4. Kwa hiyo simu ya mama mdogo ichaji, laini iache hai, usifute kitu.

Na kadi yake ya benki usiiguse, hata kama namba ya siri alikupa mwenyewe, hata kama hela ni za mazishi. Zile sasa ni za mirathi, na ndugu wakija kugombana wataanzia hapo hapo. Itaarifu benki, uulize kama yaweza kulipia mazishi moja kwa moja kutoka kwenye akaunti, zipo zinazokubali.

Akitokea mdai, mpokee kwa adabu, chukua karatasi zake, usisaini chochote. Kwa kawaida deni la marehemu hulipwa kwa alichoacha, si kwa mfuko wako, isipokuwa ulimdhamini au mlikopa pamoja. Ila zipo sheria ambazo ukikubali urithi umekubali na madeni, kwa hiyo ulizia kwanza kwa mwanasheria.

Wosia utafute kabla ya mazishi, huenda alisema anataka azikwe vipi. Dawa zilizobaki, hasa zile kali za maumivu, zirudishe duka la dawa. Nguo usigawe bado. Unamjua mama mdogo, karatasi zake zote za maana zilikaa mifukoni.

Nafika kesho jioni. Watu wa kupigiwa simu niachie mimi.