Mwandishi wenu hajawahi kumpasua jodari

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu lilipokuwa likinunuliwa kwa sarafu, na sikuwahi kukuandikia hata mlipotuchapishia saa za kufuturu za mji mwingine. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ukurasa wenu wa sayansi, ule wenye picha ya mamba na bata, ulituambia kuwa ndege na wanyama wanyonyeshao wana damu moto, na samaki wote wana damu baridi. Wote!

Samaki wengi ni kweli: joto la misuli yao hupotelea majini damu ipitapo kwenye matamvua. Jodari ana hila yake. Ile nyama nyeusi iliyogandamana na uti wa mgongo, ambayo wateja hunirudishia wakidhani ni damu iliyovilia, ndiyo jiko lake, maana jodari hatulii, huogelea usiku na mchana. Mishipa itoayo damu ya moto mle ndani imelala ubavu kwa ubavu na ile iletayo damu ya baridi kutoka kwenye matamvua, basi joto huhamia kwenye damu inayoingia na kurudi lilikotoka. Hivyo humkimbiza ngisi hadi kwenye maji baridi ya kina na misuli isikakamae. Daktari Mwingereza, John Davy, aliliandika hili mwaka 1835, baada ya kupima samaki wa jamii hii na kukuta joto lao limezidi la bahari kwa nyuzi kama 10. Nyinyi mko mwaka gani?

Msidhani ni jambo dogo. Wiki ileile nilipeleka jodari kwenye hoteli moja, kavuliwa alfajiri nyuma ya mwamba, matamvua mekundu, macho yanang'aa, barafu haijamfikia ndani. Kijana wa manunuzi akamchoma kipimajoto mgongoni, akatikisa kichwa: mzee, samaki ana damu baridi, huyu wa kwako ana joto, ameshaharibika. Nikamuuliza kasoma wapi. Akanionyesha gazeti lako! Nikarudi naye sokoni saa ya jua kali, nikamuuza vipande kwa bei ya dagaa, huku wenzangu wakicheka. Na hapo ndipo penye uchungu, maana jodari kwa joto lake huhitaji barafu haraka kuliko changu au pono. Akicheleweshwa huota sumu ambayo hata umpike vipi haitoki. Mlaji huiva uso, akawashwa mwili mzima, kisha lawama ni za mchuuzi. Mtambo wa barafu dikoni kwetu umekufa, umebaki kibanda cha kuanikia nyavu, na barafu ya mitaani inapanda bei kila msimu wa kaskazi ukianza. Hilo hamliandiki. Mnaandika mamba ni mnyama duni kwa sababu hajipashi joto mwenyewe. Mamba huyo anaweza kukaa miezi bila kula. Jodari wa damu moto akikosa mlo amekwisha, na mimi vilevile.

Mtumeni mwandishi huyo dikoni, boti zikirudi, kabla jua halijapanda. Atie mkono tumboni mwa jodari mpaka kwenye kiwiko, kisha aandike upya. Aje na viatu vya mpira na nauli yake. Kipimajoto anacho yule kijana wa hoteli, amwazime.

Mchuuzi wa samaki,
Tanga