Risala ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kwa Mheshimiwa Mbunge, siku ya kuvunja mzunguko na kugawana akiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu;
Mheshimiwa Diwani;
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji;
Viongozi wetu wa dini, wageni waalikwa na akina mama wenzangu.

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanachama 30 wa kikundi hiki tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kadi ilisema saa nne na sasa ni saa nane, lakini hatulalamiki, maana barabara uliyopita ndiyo hiyohiyo tunayopita sisi.

Kikundi kilianzishwa mwaka 2016 chini ya mwembe huu, na wanachama 12 na sanduku moja la mbao lenye kufuli tatu. Historia yetu ni ndefu ila jua ni kali, hivyo tunairuka.

Mafanikio ni makubwa. Tuna viti vya plastiki 50 na sufuria tatu za shughuli, vyote vinakodishwa (hicho chenye mto ulichokalia ni cha Mwalimu Mkuu). Tumeingia katika uwekezaji wa kuku wa kienyeji. Walikuwa 40, mdondo ukapita, na 11 waliobaki wanaendelea vizuri sana. Mwaka jana tulishika nafasi ya pili kata nzima katika mashindano ya vikundi vya akina mama. Vikundi vilikuwa vitatu, lakini ushindani ulikuwa wa hali ya juu.

Mheshimiwa, changamoto tunazo nyingi. Kamati ilikaa ikaamua safari hii tuseme moja tu, kwa sababu risala ya mwaka juzi ilikuwa na changamoto tisa, na tukizihesabu leo bado ni tisa.

Changamoto yenyewe ni sindano za kichaa cha mbwa.

Labda utajiuliza kikundi cha kuweka na kukopa kina uhusiano gani na mbwa. Jibu limo ndani ya sanduku. Kila wiki, mbali na kununua hisa, kila mwanachama hutoa shilingi 500 za mfuko wa jamii. Kwa mwaka zinafika shilingi 780,000. Fedha hizo ni za misiba, uzazi na ugonjwa. Katika mzunguko huu tunaouvunja leo, watu sita wa kijiji hiki waling'atwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na bima ya kumsaidia. Mfuko wa jamii ukaisha mwezi wa saba. Tukachota shilingi 420,000 kwenye fedha za hisa. Kwa hiyo baada ya sherehe hii, kila mama utakayemwona akihesabu mgao wake atakuwa na pungufu ya shilingi 14,000. Mwaka huohuo tulikuwa na misiba mitatu, na kote tulikwenda kutoa pole kwa debe la mahindi.

Tukueleze hesabu ya mtu mmoja. Mjukuu wa mwanachama namba 14, mtoto wa miaka saba, aling'atwa kwenye shavu la mguu Ijumaa jioni akitoka kisimani. Bibi yake alifanya alivyofundishwa: akamkalisha juu ya jiwe, akaosha jeraha kwa maji ya dumu na kipande cha sabuni ya mche kwa dakika 15. Saa hana, akahesabu kwa kukariri nyiradi mpaka jirani mwenye simu alipomwambia zimetimia. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake alfajiri wakapanda bodaboda, kilomita 38. Kwenda na kurudi ni shilingi 20,000. Sindano moja ni 30,000, na zinatakiwa nne kwa tarehe zake, bila kuruka. Piga hesabu, Mheshimiwa: ni shilingi 200,000 kwa mguu mmoja wa mtoto mmoja. Kuna na ile dawa nyingine ya kuchomwa pembeni ya jeraha lenyewe, kwa walioumia vibaya, lakini hiyo hatuigusii leo kwa kuwa tunajua mipaka ya adabu.

Tunaambiwa kwamba asiye na uwezo husamehewa. Ni kweli, utaratibu upo. Unachukua barua kwa Mtendaji wa Kijiji, unaipeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii, anakuhoji, ndipo msamaha unapita. Mtoto aling'atwa Ijumaa jioni. Mtendaji wetu, ambaye yupo hapa na tunamheshimu sana, alikuwa amekwenda harusini kwa shemeji yake na muhuri aliufungia kabatini. Hakukosea, Jumamosi si siku ya kazi. Lakini sindano ya kwanza haitakiwi kusubiri Jumatatu. Na watoto wanaosamehewa moja kwa moja ni wale wa chini ya miaka mitano, huyu ana saba.

Bima tunaitaka. Wachache wetu walikata CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mmoja wao aling'atwa, akafika dirishani na kadi yake, akaambiwa chanjo imeisha, akanunue duka la dawa nje ya geti. Duka halipokei kadi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nawe ulitueleza vizuri sana ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara. Tuliipigia makofi na tunaendelea kuisubiri. Tatizo ni kwamba fedha ya huku kwetu Lindi inaonekana baada ya minada ya korosho, kuanzia mwezi wa kumi, na mbwa hangoji mnada.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugonjwa huu si kama malaria ambayo ukichelewa bado unaweza kupona. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba unaua watu wapatao 1,500 kila mwaka hapa Tanzania. Sisi tunamjua mmoja. Alikuwa fundi wetu wa kuezeka, alichomwa sindano mbili, ya tatu akasema ataifuata akishalipwa kazi ya zahanati. Malipo yalichelewa. Mke wake ni mwanachama namba 22, yupo pale nyuma. Hatutasema zaidi ya kwamba mwishoni alikuwa akiona kikombe cha maji anageukia ukutani.

Dawa za kifua kikuu ni bure. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni bure. Chanjo za watoto wachanga ni bure, na friji yake ya umeme wa jua ipo hapo kituo cha afya cha kata, nyuzi joto 2 hadi 8, kiwango hichohicho kinachotakiwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hatuelewi kwa nini mtu aliyeumwa na mbwa asiye wake alipie kila tone. Muuguzi mmoja alitueleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza tangu mwaka 2018 njia ya kuchoma kidogo ndani ya ngozi badala ya msulini, mara tatu ndani ya wiki moja, na kichupa kimoja kikahudumia zaidi ya mtu mmoja. Maana yake safari zinapungua na dawa inapungua. Njia inajulikana, kilichobaki ni nani alipe.

Mbwa wenyewe tunawakumbuka walipochanjwa. Kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu ya kusini ilikuwa kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani uliofadhiliwa na mfuko wa Bill na Melinda Gates. Watoto walikuwa wakiburuta mbwa kwa kamba mpaka uwanja wa shule. Wataalamu walisema wakichanjwa 7 kati ya 10, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walikuwa kwenye mradi huohuo. Ugonjwa ukaisha, ukarudi, wakachanja tena, ukaondoka tena. Kwetu sisi mradi uliisha, na kamba tukazirudisha kufungia mbuzi. Dunia imejiwekea lengo la kutokufa mtu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mikorosho tuliyopanda juzi itakuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliguswa sana na jambo hili. Alisema hilo ni dogo, waachieni. Tulimwachia. Risala alikabidhiwa kwenye bahasha ya kaki, na msaidizi wake akachukua namba ya mwenyekiti wetu ili ampigie. Simu hiyo mwenyekiti anaichaji kila jioni. Mgeni wa mwaka uliofuata alichangia shilingi 500,000 kwa mdomo, tukapiga vigelegele, picha ikapigwa. Picha tunayo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, leo hatuombi mchango wa papo kwa papo. Tunaomba ukakae na Waheshimiwa Madiwani, halmashauri itenge kwenye mapato yake ya ndani fungu linaloitwa kwa jina lake, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wasio na bima, ili mtu achomwe kwanza na barua ifuate baadaye. Chanjo hiyo ifike hadi kituo cha afya cha kata, kwenye friji ambayo ipo tayari. Mpaka fungu hilo lipitishwe, Mfuko wa Jimbo ubebe. Na bungeni Dodoma, bajeti ya Afya itakaposomwa, uulize swali moja tu kwa niaba yetu. Tumeliandika kwenye karatasi ya pili, sentensi mbili, halitachukua muda wako. Mbwa nao wachanjwe tena, la sivyo tutakuwa tunanunua sindano maisha yetu yote.

Nakala ya risala ya mwaka juzi tumeiambatanisha. Diwani, Mtendaji na Mganga Mfawidhi wamepewa nakala ya hii, wakasaini kupokea. Tutakuwa tena chini ya mwembe huu Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane, na ajenda ya kwanza itakuwa majibu yako, yawe yamefika au hayajafika.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi