Mnawaambia vijana wajiamini, hamwambii wajiamini kwa lipi

Ndugu Mhariri,

Kila majina ya walioitwa kwenye usaili yanapotoka, kurasa za vijana magazetini na semina za vyuoni hujaa neno moja: jiamini. Kijana aliyemaliza chuo juzi hulibeba neno hilo hadi mlangoni, akaketi, akaulizwa swali la kwanza, na hapo akalitafuta asilione. Sisi tunaoketi upande wa pili wa meza tunamwona akitetemeka, na mara nyingi uoga haumo. Hajui tu ataulizwa nini. Nalo hilo, kwa sehemu kubwa, lilikuwamo kwenye tangazo alilosoma siku anaomba kazi.

Chukua kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, ambayo halmashauri huitangaza mara kwa mara. Chini ya cheo huwa kuna orodha ya majukumu: kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, kuwa katibu wa mikutano na kamati zote za halmashauri ya kijiji, kutunza kumbukumbu na nyaraka za kijiji, kupokea malalamiko na kutatua migogoro ya wananchi. Wengi huiruka wakakimbilia sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara, TGS B. Jopo nalo, likikaa kutunga maswali, huwa na orodha hiyohiyo mezani. Neno "katibu wa mikutano" hugeuka kuwa: eleza hatua za kuandaa mkutano mkuu wa kijiji.

Aliyejiandaa hatapata shida hapo. Atasema anakubaliana na mwenyekiti kuhusu ajenda, anatoa tangazo mapema na kulibandika panapoonekana, anaandaa taarifa ya mapato na matumizi, siku yenyewe anaandikisha mahudhurio, mwenyekiti anaongoza na yeye anaandika muhtasari, kisha anafuatilia maazimio. Akiongeza kwamba mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25 kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, jopo linaona mtu aliyeifahamu kazi kabla hajaipata. Asiyejiandaa husema, "Mkutano ni muhimu sana kwa maendeleo ya wananchi," akanyamaza.

Kwa hiyo kunja karatasi katikati. Kushoto nakili kila jukumu kama lilivyo kwenye tangazo, kulia andika swali linaloweza kutoka humo na hoja nne au tano za kulijibu. Jioni mbili zinatosha. Ila usikariri sentensi nzima. Aliyekariri huanguka swali likigeuzwa kidogo tu, kwa sababu anasubiri neno lake la kuanzia ambalo mwuliza swali hakulitamka. Shika hoja, maneno yatakuja. Kisha waombe watu wawili au watatu wakukalishe kwenye kiti na kukuuliza, huku simu ikirekodi sauti. Ukijisikiliza ndipo utajua unasema "yaani" mara ngapi.

Kuna jambo la alama ambalo vijana hawaambiwi. Kwa kawaida kila mjumbe wa jopo ana fomu yake, anatoa alama kwa kila swali, halafu zinajumlishwa na kutafutiwa wastani. Swali uliloliacha ni sifuri kwenye fomu zote, wakati hoja mbili kati ya tano zinakupa kitu. Ukiambiwa utaje mambo matano, yataje yote kwanza kwa ufupi, ukihesabu kwa vidole ikibidi, ndipo urudi kueleza moja moja. Wanaoanza na maelezo marefu ya hoja ya kwanza husimamishwa muda ukiwa umekwisha, na hoja nne bado zimo kichwani, mahali ambapo hakuna mjumbe anayeweza kuzipa alama.

"Tueleze kuhusu wewe" ndilo swali linaloharibiwa kuliko yote. Utasikia: "Naitwa fulani, kwetu tumezaliwa saba, mimi ni wa tatu, shule ya msingi nilisoma..." Wasifu wake uko mbele ya jopo. Kinachotakiwa ni dakika moja na nusu: umesomea nini, umewahi kufanya nini kwa mikono yako, na hicho kinaingiaje kwenye kazi hii. Aliyeomba uhasibu aseme kwamba wakati wa mafunzo kwa vitendo alikuwa akilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na akikuta tofauti alianza kuangalia hundi ambazo hazijapelekwa benki. Sentensi hiyo moja inashinda "mimi ni mchapakazi na mwaminifu" mara kumi.

Ukiingia, salimia mara moja. "Shikamooni" haina ubaya mbele ya watu wazima, ila usizunguke meza ukitoa mkono, na ukae ukishaambiwa. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Kwenye usaili mtazame aliyekuuliza, kisha wagawie wengine macho. Swali usipolielewa, omba lirudiwe, ni haki yako. Ukikwama kwa Kiingereza, uliza kwa adabu kama unaweza kuendelea kwa Kiswahili. Wakikataa, tumia sentensi fupifupi.

Kisha kuna vyeti. Mtu aliyezozana na msimamizi wa vyeti saa mbili asubuhi hawezi kutulia saa nne. Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia usaili wa kazi za serikali, hutaka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na sita hadi vya taaluma. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda ya chuo. Kitambulisho kiwepo. Majina yakitofautiana, hata kwa herufi chache, nenda na hati ya kisheria ya kubadili jina, na hiyo haipatikani asubuhi ya usaili. Namba ya mtihani nakili mapema kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti uliyoombea kazi, maana mlangoni hazitolewi. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Kwa kampuni binafsi kuna mtego wa "unataka mshahara kiasi gani?" Kijana hutaja namba iliyomjia. Piga hesabu kabla. Kwenye mshahara ghafi wa shilingi 500,000, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 50,000. Zinabaki 450,000, na kodi ya asilimia 8 kwa kiasi kinachozidi 270,000 ni 14,400. Unapokea 435,600. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tuseme ni hizohizo 500,000, ni 75,000 nyingine, na mkononi zinabaki 360,600. Anayejua hesabu hiyo hutaja kiwango chake kwa sauti iliyotulia, tena huuliza kama kinachozungumzwa ni kabla ya makato au baada yake.

Mabinti, nao, bado huulizwa wataolewa lini au kama ni wajawazito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na mwombaji kazi analindwa pia. Hakuna haja ya kugombana mezani. Sema, "Majukumu yaliyo kwenye tangazo naweza kuyatimiza," urudi kwenye kazi. Aibu ni ya aliyeuliza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapa nafasi za kazi, mara nyingi hubakiza cheo, sifa na tarehe ya mwisho, majukumu mkayakata kwa kukosa nafasi. Kateni kingine.

Afisa rasilimali watu,
Dodoma