Mabango ya ufaulu yatuambie na walioanza walikuwa wangapi

Ndugu Mhariri,

Nina steshenari hapa Majengo, Moshi. Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kibanda changu kinageuka ofisi ya udahili. Vijana wanakuja na namba zao za mtihani, wengine wamefuatana na wazazi. Tunafungua akaunti za vyuo, tunalipia ada ya maombi, tunaskani vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, kwa ajili ya mkopo. Matokeo ya shule nyingi za mkoa huu yanapita mbele ya macho yangu, na ndiyo maana mabango ya barabarani yananikera kuliko pengine yanavyomkera msomaji wako wa kawaida.

Unayajua mabango hayo. Shika barabara ya Arusha, kuanzia Maili Sita hadi Bomang'ombe utayaona: watoto wamevaa sare, wanatabasamu, na chini yao maandishi makubwa, "Divisheni I–III asilimia 100". Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, nilidhani mashindano haya yatapoa. Wapi! Sasa kila shule inajitangazia yenyewe, kwa hesabu inayoipendeza.

Msimu uliopita alikuja baba mmoja kutoka Uru na kijana wake aliyesoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Shule ya kijana ilikuwa na bango la namna hiyo hiyo. Mzee akaniambia, "Mama, mwanangu amepata divisheni ya tatu. Mjazie pale Chuo Kikuu cha Ushirika, asome uhasibu awe karibu na nyumbani." Nikafungua matokeo, nikakuta E, E, E.

Ilinibidi nigeuze karatasi ya fotokopi nimchoree. Kwa NECTA, A ni pointi 1 na E ni pointi 5, kwa hiyo E tatu ni pointi 15. Divisheni ya tatu inaanzia 13 hadi 17, kwa hiyo shule haikudanganya. Lakini ukifika TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hesabu inageuka kichwa chini miguu juu: A ni pointi 5, E ni pointi 1, na anayeomba shahada kutoka kidato cha sita anatakiwa masomo yake mawili yafikishe angalau pointi 4. Ya kijana yalifika 2. Mzee aliiangalia karatasi kwa muda, akaikunja, akauliza, "Sasa ile asilimia mia ilikuwa ya nini?"

Nilimwelekeza kijana kwenye diploma, maana akiimaliza na GPA isiyopungua 3.0 anaweza kurudi kuomba shahada. Hakuna aibu hapo. Ila swali la baba yake lilinibakia kooni, kwa sababu nilijua kuna kundi jingine ambalo hata kwenye asilimia hiyo halimo.

Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Alisoma bweni shule ambayo sitaitaja. Desemba ya kidato cha tatu dada aliitwa ofisini, akaonyeshwa ripoti: binti amepata wastani wa 47, na shule inataka usiopungua 50. Akapewa njia mbili, arudie darasa au aandikiwe uhamisho. Hakuwa ameiba, hakuwa mtoro, na ada ilikuwa imelipwa yote. Dada alilia kwenye Noah kutoka huko hadi stendi. Tukampeleka shule ya kata karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa kidato cha nne akapata divisheni ya tatu, pointi 23, na sasa yuko mwaka wa pili wa diploma. Mwaka huo huo shule aliyoondolewa ilitundika bango la divisheni ya kwanza na ya pili tupu.

Wengine hawahamishwi. Wanabaki hapo hapo darasani, wanakula ugali ule ule, ila usajili wao wa mtihani unafanywa kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Namba ya mtahiniwa wa shule huanza na S, ya kujitegemea huanza na P. Mzazi haijui tofauti hiyo mpaka aje kwangu kutafuta matokeo, jina la mtoto lisionekane kwenye orodha ya shule. Serikali imeshakemea michezo hii, lakini karipio la Dodoma linachoka kabla halijapanda Kibosho.

Najua walimu wakuu watasema wanafunzi huhama kwa sababu nyingi, na ni kweli. Kuna mzazi anayehamishwa kikazi, kuna anayeshindwa ada, kuna mtoto anayeugua. Watatu wanne wakipungua sina neno. Lakini kuna hesabu ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. NECTA inaweka mtandaoni matokeo ya kila shule, ya kidato cha pili na ya kidato cha nne. Chukua waliofanya kidato cha nne mwaka huu, rudi nyuma miaka miwili, angalia shule hiyo hiyo ilikuwa na wangapi kidato cha pili, kisha toa. Nimeshawafanyia wazazi hesabu hiyo mara kadhaa. Kuna shule nilikuta idadi ile ile kasoro wawili, nikafurahi nao. Kuna nyingine ilipungukiwa karibu mkondo mzima, na bango lake ndilo kubwa kuliko yote njiani.

Ombi langu kwa wenye shule ni dogo. Pembeni ya asilimia yenu andikeni namba mbili zaidi: walioanza na nyie walikuwa wangapi, na waliopata udahili wa shahada ni wangapi. Nafasi ipo, punguzeni picha ya basi. Kwa wazazi, kabla hamjalipa fomu ya kujiunga, muulizeni mwalimu mkuu wastani unaotakiwa na shule ni ngapi na mtoto asipoufikia anapelekwa wapi. Akijiumauma, mmeshajibiwa.

Na asiyejua kutafuta matokeo ya zamani aje na jina la shule tu. Hiyo hesabu siitozi hela. Akitaka nimchapishie, ni sh 200 kwa karatasi.

Mama Steshenari,
Majengo, Moshi