Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku, Kigoma

Kwa niaba ya familia yetu, namshukuru kwa dhati muuguzi ambaye, usiku mama yetu alipolazwa hapa Kigoma kwa homa ya mapafu, alisoma faili, akamwuliza jina lake kamili, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: je, kuna dawa inayomdhuru? Mama alipotaja penisilini, muuguzi aliweka kando sindano ya ampisilini, ambayo ni ya jamii hiyohiyo, na ingawa wagonjwa wengine walikuwa wakimsubiri, hakuichoma. Alimwita daktari, dawa ikabadilishwa. Mzio mkali wa namna hiyo huweza kuziba njia ya hewa ndani ya dakika chache. Dada yetu, jina lako hatukulipata, lakini mama anakuombea kila siku.